Mama Mizani, Mtawa Aliyeishusha Zahanati Bondeni

Alizaliwa bondeni, katika mtaa ulio nyuma ya kiwanda cha ngozi, binti wa dobi aliyefua mashuka ya hospitali ya kilimani. Alibatizwa mapema, maana wazazi wa mtaa ule walijua kwamba watoto wao wengi hawangoji. Mama yake, mshonaji mwenye utani mwingi, alisema binti huyu alikuja duniani akipiga chafya, kama anayelalamikia harufu ya ngozi. Tangu utotoni alipanda kilima pamoja na baba yake, furushi la mashuka kichwani, na huko juu akawaona watoto wakipimwa uzito, wakichanjwa na kurudi kwao wakiwa na afya. Kisha mdogo wake, kitinda mimba, akashikwa na kuhara. Mama akamfunga mgongoni, akaanza kupanda. Walipofika langoni, mtoto alikuwa amekwisha kata roho. Baada ya maziko binti alimwuliza baba yake, “Kwani wale wa juu Mungu anawapenda zaidi?” Dobi akajibu, “Hapana, mwanangu. Wao wako karibu na mlango, basi.” Baadaye aliwaambia masista wenzake kwamba wito wake ulianzia katika jibu hilo.

Alipokua aliingia utawani, akasomea uuguzi na ukunga, akapangiwa kazi katika hospitali ileile. Wagonjwa wa kilimani walimpenda kwa mikono yake myepesi na kicheko chake kisichojua kunong’ona. Lakini moyo wake ulikuwa chini. Siku moja alimwendea mganga mkuu, mtu mwema aliyezidiwa na kazi, akamwomba afungue kliniki bondeni. Mganga akashangaa. “Sista, mlango wetu uko wazi kwa kila mtu.” Naye akasema, “Mlango uko wazi, daktari, lakini mlima umefunga.” Mganga akavua koti lake jeupe, akashuka naye hadi kiwandani. Waliporudi juu, yeye akihema na kujifuta jasho, alikuwa amekwisha kumkubalia chumba, dawa na mizani ya kupimia watoto. Mizani hiyo sista aliibeba begani kila aliposhuka, na ndiyo iliyompa jina.

Bondeni hakupokewa kwa vigelegele. Watu walifunga milango, wakisema wakubwa wamekuja kuwajaribia dawa. Bibi mmoja muuza mkaa, ambaye ulimi wake uliogopwa kuliko mbwa wa kiwanda, alisimama kizingitini akamzuia. “Kwetu hapa hatuumwi mizani, sista. Tunaumwa maji.” Mtawa akaweka mizani chini. “Basi nionyeshe maji, bibi.” Wakaenda kisimani, akaona jinsi maji machafu ya kiwanda yalivyopenya humo. Kwa miezi mingi hakuchanja mtu. Alihangaika kati ya ofisi ya maji na meneja wa kiwanda, akifukuzwa leo na kurudi kesho, mpaka bomba likafika mtaani. Ndiyo maana wazee hupenda kusema kwamba mgonjwa wake wa kwanza alikuwa kisima. Bomba lilipotoa maji, bibi muuza mkaa alikuwa wa kwanza kuleta wajukuu wachanjwe, akiwakaripia majirani: “Mnakodoa macho nini? Leteni watoto!”

Jaribu lake kubwa lilitoka nyumbani. Wauguzi walipungua hospitalini, na mama mkuu wa shirika akamwagiza arudi kilimani. Alilia, akatii. Kliniki ikafungwa. Haikupita wiki, akina mama wa bondeni wakapanda pamoja, watoto migongoni, wakajaza korido, ngazi na hata bustani ya hospitali. Mama mkuu alipouliza kuna nini, muuza mkaa alijibu, “Shikamoo, mama. Nesi hashuki, basi sisi tumepanda. Tuna subira, tutakaa.” Mama mkuu alitazama nyuso zile, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kesho yake Mama Mizani alishuka na masista wawili zaidi.

Alihudumu huko mpaka nywele zikawa nyeupe. Surua ilipoizunguka nchi, watoto wa bondeni walisalimika sawa na wale wa juu, na wengi waliita hilo muujiza. Yeye alisema Mungu alikuwa ametumia sindano. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, walitaka kumpeleka chumba cha pekee kilimani. Alikataa. “Hapa pananitosha. Kama hapanitoshi mimi, tuliwaambiaje watu waje?” Akafa asubuhi palepale bondeni, wodi ndogo ya zahanati ikiwa imejaa vilio vya vichanga. Wapo akina mama wanaosimulia kwamba walimwomba katika uchungu mgumu wakajifungua salama. Kanisa litayapima hayo kwa wakati wake.

Sisi waamini tusingoje hukumu hiyo ndipo tumwige. Siku ya kumbukumbu yake, watu wa parokia hawapeleki maua kaburini. Hutoka wawili wawili kwenda nyumba za mbali, kwa mlemavu, kwa mjane, kwa mama mchanga asiyeonekana kliniki, wakabisha hodi na kuuliza, “Hatujakuona. Tukusaidie nini?” Nawe, msomaji, yupo mmoja ambaye hujamwona siku nyingi. Funga kitabu hiki, uende.