Nilimwambia Baba Shiro "Naiona"

Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa dharau. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia mapema.

Ninaishi Ruiru, ni mwalimu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikitazama nyota kwa darubini. Napenda sana kueleza. Mtoto akiniuliza kwa nini ile pale haimetameti kama zingine, nitachuchumaa kando yake nimwambie ile ni sayari, inaitwa Mshtarii, kisha nimwache achungulie mpaka atosheke. Watu husema nina subira. Subira gani! Nilikuwa nayo kwa watoto tu.

Kwa watu wazima wanaongojea wageni kutoka sayari za mbali, sikuwa nayo hata chembe. Kila taa kwao ni chombo! Kila wingu la mviringo ni dalili! Mimi hadi leo nasema huenda uhai uko huko, na huenda ni vijidudu tu chini ya barafu. Nyota iliyo jirani kabisa na jua letu, mwanga wake hutumia zaidi ya miaka minne kutufikia. Sasa nani atasafiri umbali huo wote aje azurure juu ya mahindi ya watu kijijini Ngoliba, asisalimie mtu, ageuke arudi kwao? Upuzi mtupu.

Baba Shiro aliuamini upuzi huo. Anauza mbegu mjini Thika, anaishi Kiganjo, na ndiye rafiki niliyekuwa nikitazama naye nyota. Taa za Ruiru zimetuharibia anga, kwa hivyo Jumamosi tulikuwa tukienda Ngoliba kwa wakwe zake na kulala huko. Kule giza bado ni giza.

Tulikuwa na sheria moja, aliyoitunga yeye mwenyewe. Tuliiita jicho la pili. Ukiona kitu, hujakiona mpaka mwenzako naye akione.

"Moyo wangu unataka sana, utanidanganya," aliniambia. "Wewe Mwalimu huna moyo. Nitakuamini wewe."

Tulicheka sana siku hiyo.

Basi akaanza kunitumia video za visahani vinavyoruka, asubuhi na jioni. Nikachoka. Nikaamua kumfunza maana ya ushahidi. Nilitengeneza kishada kama wanachorusha watoto, cha nailoni nyeusi, nikakifunga taa ndogo za betri. Taa hizo nilizifunika kwa plastiki nyekundu, ileile tunayofunikia tochi zetu ili macho yasisahau giza.

Jumamosi moja kule Ngoliba, jua lilipozama, nilimwambia naenda kuangalia upande wa pili wa shamba. Upepo ulikuwa mzuri. Nikakirusha. Nilikusudia kielee kidogo tu, kisha nivute uzi, nimwonyeshe, tucheke, ajifunze.

Simu ikalia.

"Wee! Angalia juu ya ule mgunga. Unaiona?"

"Naiona," nikasema.

"Usinichezee, Mwalimu. Isije ikawa ni droni."

"Droni ina mlio. Hebu sikiliza. Unasikia mlio?"

"Hapana."

"Ndege ingekuwa imeshapita. Setelaiti haisimami mahali pamoja. Haya, kumebaki nini?"

Unaona? Hatua kwa hatua, polepole, kama ninavyofundisha darasani! Kipaji changu chote nilikitumia kumjengea mtu uongo.

Kisha nikamsikia akilia. "Ngai! Nimengoja hii tangu nikiwa mdogo."

Hapo ndipo ningepaswa kusema ukweli. Badala yake niliziba simu kwa kiganja, nikacheka! Na nikiwa bado nacheka, uzi ukakatika. Taa ikaelea, ikazama nyuma ya vichaka. Sikuwa tena na kitu cha kumwonyesha, nikajiambia nitamweleza kesho.

Kesho yake nilipofika mezani kunywa chai, alikuwa ameshawaambia wakwe zake wote.

"Mwalimu pia aliiona! Muulizeni!"

Wakanigeukia. Nikapuliza chai yangu. "Kulikuwa na mwanga," nikasema. Mwoga mimi!

Hata chai haijaisha, shemeji yake mdogo akaingia kutoka shambani na kishada mkononi, taa bado zinawaka.

"Shemeji, mgeni wako huyu hapa! Si umchinjie mbuzi? Ametoka mbali!"

Nyumba nzima ikacheka. Mama mkwe alivuta leso akafunika mdomo, lakini mabega yake yalitoboa siri. Wewe unajua mtu na wakwe zake. Heshima ile hujengwa kwa miaka, na mimi niliibomoa kabla chai haijapoa.

Baba Shiro alikipokea kishada, akakigeuza, akagusa ile plastiki nyekundu. Akaniangalia. Nikajua amejua. Nikangoja aseme.

"Ni watoto," akawaambia. "Watoto wanacheza."

Tulipokuwa tukirudi nilimuuliza kwa nini hakunitaja.

"Ningewaambia nini? Kwamba rafiki niliyewaletea nyumbani ndiye huyu?" Karibu na Thika alinigeukia. "Mwalimu, macho yangu nayajua, sikuyaamini. Niliamini yako."

Nimemwomba msamaha. Amenisamehe, na najua amesamehe kweli. Nikipita dukani kwake ananiuliza habari ya nyumbani. Lakini darubini, tuliyochanga kuinunua, aliniachia. "Baki nayo," alisema, "wewe ndiye unaona."

Juzi jioni nikiwa juu ya paa la jengo la ploti yetu niliona mwanga upande wa mlima Kilimambogo. Ulienda, ukasimama, ukarudi ulikotoka. Nikajaribu maelezo yangu yote: ndege, droni, sayari, hata kishada! Yote yakagoma. Nikampigia Baba Shiro. Kutoka Kiganjo angehitaji kufungua mlango tu.

"Toka nje kidogo, tafadhali. Upande wa Kilimambogo. Unaiona?"

Nilisikia televisheni, na Shiro akimcheka mdogo wake.

"Niko ndani," akasema.

Mwanga ukapotea. Kwa sheria yetu, sikuona kitu.

Kwa hivyo wewe unayejua kuliko mwenzako, nakusihi: cheka ukitaka, bishana naye, mweleze mpaka kuche. Lakini siku atakapokuuliza unaona nini, mwambie unachokiona. Mimi nilikuwa jicho la mtu, nikajitoboa mwenyewe.