Notburga na ubao wa vijana wasioonekana

Saa mbili asubuhi, na Notburga Komba hajagusa chai yake. Macho yake yako kwenye kompyuta, katika ofisi yake ndogo jirani na stendi ya Songea. Kesho kutwa ni Idi, na watu wa Tunduru wanagombania tiketi mtandaoni.

"Wacha wagombanie," anasema akicheka. "Leo vijana wangu wanaelewana."

Vijana wenyewe hawana mikono wala miguu. Notburga ni fundi wa seva, kompyuta kuu inayouza tiketi za basi mtandaoni, na ndani yake kuna programu ndogondogo, kila moja ikihudumia mteja wake. Yeye huziita vijana. Kila kijana huandika hali yake kwenye ubao wa pamoja: niko huru, nina mteja, namalizia. Seva husoma hapo ijue kama iongeze wengine.

Idi iliyopita ubao huo ulimtoa jasho. Alianzisha huduma ya pili, ya kusafirisha vifurushi, akanakili mipangilio ya ile ya tiketi na kusahau kubadilisha mahali pa ubao. Huduma zote mbili zikawa zinaandika pamoja.

"Ni jiko la harusi na jiko la msiba kutumia ubao mmoja," anaeleza. "Wa msiba wanaandika wamemaliza, huku harusini watu wana njaa!"

Vijana wa vifurushi walikuwa wamekaa tu, basi ubao ukaonyesha kila mtu yuko huru, na seva haikuongeza wengine. Wa tiketi wakazidiwa, ukurasa ukaganda.

Zulfa, muuza vitenge sokoni, alikwama hapo. Hakufika kwa mama yake Tunduru.

"Nililia, usinione hivi," anasema kwa simu. "Idi nzima nakula pilau ya jirani!"

Alimfuata Notburga ofisini, akamsema weee, mpaka wakawa marafiki. Sasa kila huduma ina ubao wake, na leo Zulfa amepiga kwa furaha.

"Dada, nimepata! Tena dirishani!"

"Hongera. Na pilau yangu?"

"Ikufuate Songea? Panda gari, wee!"

Notburga anacheka, kisha anarudi kuutazama ubao. Kila sikukuu wengine huenda kwao, yeye hubaki kulinda ubao. Mama yake, Kunegunda, yuko Hanga, njia hiyo hiyo ya Tunduru.

"Nilikuwa naogopa kuondoka," anasema. "Lakini Ramadhani nzima seva haijakwama."

Anafungua ukurasa wa tiketi kama mteja yeyote, anachagua Jumamosi Kuu, mkesha wa Pasaka. Ubaoni, kijana mmoja anaacha kuwa huru.

"Huyo ananihudumia mimi."

Tiketi inatoka. Anavuta kikombe cha chai, imeshapoa, anakunywa hivyo hivyo huku akipiga simu Hanga.

"Shikamoo mama. Pasaka hii usipike kidogo."