Wifi Aliyepata Kibali Asubuhi Moja
"Kabla mtu mwingine hajauza hata andazi mtaa huu, mimi nitakuwa nimefungua!" Ndivyo Verna Hrabak alivyotamba mbele ya ukumbi mzima wa kanisa, mwaka aliponunua kituo cha zamani cha zimamoto akitaka kukigeuza mgahawa wa kifungua kinywa. Watu wakampigia makofi. Wifi yake Gayle, mke wa kaka yake, alipiga mara mbili tu, na Verna alimwona.

Verna alikuwa amestaafu upishi wa shule, na mikono iliyolisha watoto maelfu haikujua kukaa bure. Akapeleka michoro manispaa. Faili likazunguka kama mgeni asiye na mwenyeji, na kila dawati likaliongezea dosari. Zimamoto walitaka mlango wa mbele ufungukie nje, watu wapate kukimbia moto. Mipango miji walikataa mlango ufungukie njia ya waenda kwa miguu. Verna akachora upya, akachora tena, kila mara akiwafurahisha hawa na kuwaudhi wale. Miaka miwili ikaishia hapo.

Ndipo manispaa ikaanzisha meza ya Alhamisi, kwa majengo madogo ya zamani yanayobadilishwa kazi. Wakaguzi wote wanakaa pamoja, unaondoka na jibu lako. Ila ni kwa maombi mapya tu. Gayle, ambaye wazo la mgahawa lilimjia juzi, alipeleka ombi la kugeuza duka la fundi viatu, ng'ambo ya barabara, akarudi na kibali kabla ya chakula cha mchana.

"Wifi, si ufute ombi lako uanze upya?" akamwambia. "Mbona rahisi!"

"Rahisi kwako. Wewe tangu lini ukatafuna mwenyewe? Kila kitu unatafuniwa."

"Haya, lea faili lako. Litakuzalia wajukuu."

Verna akagoma. Atupe foleni yake, halafu awe wa pili nyuma ya mwanamke anayeunguza hata maji? Lakini kila msumari uliopigiliwa kule ng'ambo ulimwingia yeye. Wiki kadhaa baadaye, siku ya Alhamisi, alivaa koti lake la kanisani akaenda kumshtaki Gayle.

"Yule Gayle ana ngazi mlangoni," akaiambia meza. "Mwenye kiti cha magurudumu ataingiaje? Ataruka?"

"Ameshajenga mteremko, mama," akajibu mkaguzi wa zimamoto, Bwana Odell. "Na wewe jengo lako lipi?"

Verna akalitaja. Odell akamgeukia mama wa mipango miji aliyeketi kando yake.

"Kumbe ndiye wa ule mlango!"

"Ndiye mimi," Verna akasema. "Mnanitesa."

Mama yule akavuta mchoro. "Tuurudishe ndani hatua moja. Ukifungukia nje, utaishia kwenye kibaraza chako mwenyewe, haumgongi mpita njia."

"Kwangu sawa," akasema Odell.

Verna akawatazama. "Miaka yote hii mlikuwa mnakaa wapi?"

"Mimi ghorofa ya tatu."

"Mimi ya nne."

Kibali kilikuwa tayari, ila lazima kwanza asaini kulifuta ombi la zamani. Gayle alikuwa anafungua Jumamosi ya wiki ile ile. Kusaini ni kukubali kuwa wa pili mbele ya mtaa mzima. Kutosaini huenda ni kutofungua kabisa. Verna akasaini kwa hasira hadi karatasi ikatoboka.

Alifungua majira ya kuchipua. Gayle akamletea maua yenye kadi: "Karibu mtaani, wifi."

"Karibu! Ananikaribisha nyumbani kwangu!" Verna akayatia maua kwenye ndoo ya deki. Kupitia dirisha aliona meza za Gayle zimejaa, na wawili kati ya walaji walikuwa watu wa kwaya anayoimba yeye Verna kanisani. Akavua aproni, akavuka barabara, akasoma ubao wa bei wa wifi yake, dola saba kwa sahani ya mayai na viazi, bila kumsalimu mtu, akarudi, akafuta wa kwake, akaandika upya.

Mayai mawili, viazi vya kukaanga na mkate: dola sita na senti hamsini.