Trekta Jekundu la Orrin Haverkamp

Mimi ndiye msimamizi wa mizani kwenye mashindano ya wilaya yetu ya matrekta kuvuta mzigo, hapa Iowa. Trekta linapanda mizani na dereva wake juu, nasoma namba, naitangaza kwenye kipaza sauti. Kwetu mtu na mashine hupimwa pamoja ili wapangiwe daraja la uzito, wala simwonei mtu haya. Wanaume wamenizoea, na mimi nimeyazoea matumbo yao.

Tumbo la Orrin Haverkamp lilizidi yote. Kwa miaka mingi alikuwa mshika bendera tu, akiwaanzisha wenzake, kwa sababu kila alipotaka kununua trekta la mashindano, shamba lilidai kitu kingine: leo paa la banda la nguruwe, kesho mashine ya kuvunia. Mwaka jana theluji ilipoyeyuka alimkodisha jirani mashamba yote, akaniomba nimsindikize kuchagua trekta. Dwight Sporrer akajialika. Huyo huingia kila gari lenye nafasi.

Muuzaji alikuwa na mawili madogo ya zamani ambayo Orrin angeyamudu. La kijivu lilikuwa jepesi, limepakwa rangi mpya mpaka kwenye nyaya. Jekundu lilikuwa zito, lina kutu, lakini lilipowashwa lilinguruma taratibu bila kukohoa.

"Chukua la kijivu," Dwight alisema. "Kwenye daraja dogo unanunua jepesi, halafu unafunga vyuma vya uzito pale unapotaka uzito ukae, matairi yashike ardhi. Hili jekundu pamoja na hilo tumbo, utavunja mizani ya Arlys."

"La kijivu lina sura tu. Jekundu lina injini."

"Sasa utaingiaje? Daraja dogo mwisho ratili elfu mbili na mia tano, mzee, na wewe ukiwa humo humo. Au matako utayaacha nyumbani?"

"Ikifika Agosti nitaenea," Orrin alisema, akamwita muuzaji.

Nilicheka sana siku hiyo. Mtu mzima anachagua trekta kama binti anayenunua gauni la harusi linalombana, akiahidi kujikondesha! Na nikamwambia hivyo.

Mwezi Mei alizidi uzito, nikampeleka daraja la juu, akagaragazwa na matrekta makubwa. Dwight alimpigia makofi peke yake. Juni alizidi tena, ila kidogo. Lavonne, mkewe, mwanamke mfupi mwembamba anayeongea haraka haraka, alikuwa na furaha ya kupita kiasi. "Mume wangu ameacha pai," aliwaambia wanawake wote kanisani. "Miaka yote nilimbembeleza, kumbe dawa yake ni trekta."

Mimi nilikuwa na mizani, na mizani haikunifurahisha. Nimepima wanaume wengi wanaojinyima. Wanashuka kidogo, inatokea harusi, wanapanda tena. Orrin alikuwa anashuka tu. Julai alipoingia kwenye daraja dogo bila hata kipande cha chuma, watu wakashangilia, nilimfuata nyuma ya kibanda cha vinywaji. Alikuwa ameketi juu ya ndoo, mbele yake mkate wa nyama ya nguruwe ambao hajauuma.

"Una nini wewe?"

"Saratani ya kongosho," alisema. "Tangu majira ya baridi."

"Na ulipokuwa unanunua trekta ulijua?"

"Daktari alinieleza nitapungua kiasi gani, na kwa haraka gani. Nikapiga hesabu. La kijivu lingenifaa mwezi Mei, Arlys, lakini mimi nataka maonyesho ya wilaya ya Agosti. Nivute pale mbele ya jukwaa la watazamaji, mara moja, basi."

"Lavonne je?"

"Akijua hatanipandisha hata kwenye baiskeli. Nitamwambia maonyesho yakiisha. Nyamaza mpaka hapo, tafadhali."

Nilimkasirikia mpaka machozi yakanitoka, lakini nikanyamaza. Kifo kilikuwa chake, na majira yale ya joto yalikuwa yake pia.

Siku ya maonyesho jua lilikuwa kali na jukwaa limejaa. Orrin alipanda mizani, kofia imemzama mpaka masikioni. Nikasoma namba. Ilikuwa chini sana. Hesabu yake ilikuwa imekosea, alikuwa amekwisha haraka kuliko alivyoambiwa.

"Una nafasi ya vyuma mpaka ufike kikomo," nikamwambia. Hakuweza kuvinyanyua mwenyewe. Dwight akaleta kimoja, akakifunga mbele.

"Bado," nikasema.

Akaleta kingine. "Enhe, bwana harusi, umekondeana kweli."

"Bado."

Cha tatu alikileta bila utani. Cha nne alikibeba akimtazama Orrin usoni, na nadhani ndipo alipoelewa kwamba vyuma vile vyote alikuwa anaviweka mahali pa mwili uliokwisha. Alipofunga cha mwisho nikatangaza namba: elfu mbili na mia tano kamili.

Ndipo mkono wa Orrin ukateleza kwenye usukani, akainamia mbele. Mwamuzi akaja mbio. Hakuzirai, lakini mwamuzi hakutaka hata kumsikiliza. "Hapana, mzee. Wewe huvuti leo." Wakamshusha, wakamweka kwenye kiti kivulini.

"Ni hili joto," Lavonne alisema, tayari anapanda trekta. "Msimu wake hautapotea bure. Nitavuta mimi. Trekta nimeendesha kabla nyie hamjaota ndevu."

Dereva akibadilika lazima tupime upya. Nilitamani mizani ife. Lavonne akakaa kitini, akashika usukani, namba ikayumba kidogo, kisha ikatulia palepale ilipokuwa Orrin akiwa juu.

Mwamuzi alinisubiri. Nikaitangaza, ile ile, na kipaza sauti kikaipeleka mpaka nyuma ya jukwaa. Mwanzoni Lavonne alitabasamu. Halafu akavitazama vile vyuma, akajitazama yeye mwenyewe, mwanamke ambaye maisha yake yote alimfikia mumewe kifuani na kuenea mara mbili kwenye koti lake. Akazima injini.

Matrekta yaliyokuwa kwenye foleni yalipiga honi. Alishuka, akavuka nyasi mpaka kwenye kile kiti, akapiga magoti mbele ya Orrin. Nilimfuata, nikidhani ataanguka.

"Nilitaka nivute kwanza," Orrin alisema. "Halafu nikwambie."

Lavonne alikuwa ameshika kiuno cha suruali ya mumewe, pale penye mshono.

"Nimezipunguza hizi suruali mwezi hadi mwezi, Orrin," alisema. "Nazipunguza huku naimba."