Hapa Hatuna Waathiriwa

Mto Ramisi ulipoichukua nyumba yangu, nilikwenda Tiwi kwa binti yangu. Yaani kwa mkwe wangu, tusidanganyane. Kwetu mama hahamii kwa mume wa bintiye. Huenda akatembea, akala, akarudi kwake kabla hajachokwa. Mimi nilifika nimelowa chapachapa, kiroba kimoja mkononi, nikamwambia mkwe, "Nimekuja kuwajulia hali." Naye kwa heshima zake akanikaribisha kana kwamba ni kweli.

Sindano zangu za sukari, nilizokuwa nikizitunza mtungini ili zipate ubaridi, zilikwenda na maji. Binti yangu aliponiuliza nilimwambia ninazo. Yeye hushinda kazini hotelini Diani, na lau ningemwambia kweli angemweleza mumewe, na mkwe angejua mpaka ya mwilini mwangu. Kila asubuhi mkwe alinitengea chai kwa mkono wake, imekolea sukari kama inavyopasa kumkirimu mgeni, nami niliinywa yote. Nikiikumbuka chai ile naona haya mpaka leo. Mtu mzima na akili zangu, najitia sumu ili nionekane sina shida!

Mchana mmoja akapita msichana wa kujitolea, amevaa kizibao cha manjano, simu mkononi. Alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kuwatafuta watu wa mafuriko na kutuma taarifa, ili gari la dawa na chakula lijue pa kwenda. Akamsalimu mkwe wangu barazani, kisha akamuuliza, "Hapa kuna waathiriwa?"

"Hapa salama, alhamdulillahi," mkwe akajibu. "Hatuna waathiriwa. Tuna mgeni tu, mama mkwe amekuja kututembelea."

Nilikuwa nyuma ya pazia, nimesikia kila neno. Alikuwa akinisitiri. Kumwita mkweo mwathiriwa mbele ya mpita njia ni sawa na kumvua nguo. Msichana akabonyeza simu yake, akaaga. Lakini kiu ilikuwa imenikausha koo tangu jana, macho yanaingia kiza, na nilijua gari lile likitupita nitaanguka humo humo ndani, niwe mzigo wa kubebwa na mkwe. Nikatoka pekupeku mpaka njiani.

"Mwanangu, ngoja! Mwathiriwa ni mimi. Nyumba yangu imekwenda na maji, na sindano za sukari sina tangu nilipofika."

Hata sauti sikuishusha. Nilipogeuka mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Akainamisha kichwa, akaingia ndani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mama, tangu asubuhi nazunguka huu mtaa naambiwa salama tu," msichana akasema kwa lafudhi ya bara. "Na kila mlango naona viatu kibao."

"Kwa sababu wauliza vibaya," nikamjibu kwa ukali, mimi niliyekuwa nimejificha muda wote huo. "Nani atakwambia nduguye ni mwathiriwa, naye amekaa pale anasikia? Uliza ni nani amelala hapa jana ambaye hapa si kwake. Na wageni wenyewe uwaulize kando."

Akarudi kwa jirani, mimi nimeegemea ukuta. Jirani yule yule aliyekuwa amesema hana mtu akawataja wazee wawili kutoka Bodo na mwanamke mjamzito aliyelala nao chumba kimoja. Msichana akapiga simu palepale kuibadilisha taarifa aliyokuwa ameshaituma.

Gari likaja jioni ile ile. Muuguzi akanidunga sindano uani, akaniachia nyingine, kisha akauliza ni nani hapo nyumbani atakayenichunga, maana sukari ikishuka ghafla huenda nikazimia. Binti yangu alikuwa bado hajarudi kutoka kazini. Nikafungua mdomo niseme nitajichunga mwenyewe.

"Nifundishe mimi," mkwe akasema.

Muuguzi akamweleza yote, bila kuficha hata moja. Nilijifunika uso kwa leso, nikamsikia mkwe wangu akiyarudia taratibu ili asiyasahau: jasho, kutetemeka, kusema ovyo, kujikojolea.