Niliziondoa Stuli Chumba cha Pasi

Mama alipovua soksi mbele ya daktari, niligeuka nikatazama mlango.

Miguu ile sikuijua. Ngozi nyeusi tii, ngumu, mishipa imejisokota, na juu ya kifundo kidonda kimechimbika.

Na mimi kila siku nilikuwa namtania: “Mama, joto lote hili na soksi ndefu?”

Anajibu, “Uzee una baridi yake, baba.”

Mama alikuwa mpiga pasi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli. Mimi mwanawe wa pekee nilikuwa msimamizi wake.

Daktari akapitisha kipimo mguuni, akaniita nitazame skrini.

“Ukuta wa mshipa huwa mwembamba, unavutika. Huu umekuwa mnene, umekakamaa. Damu inashuka, kupanda inashindwa. Haya ni ya miaka. Kazini anakaa au anasimama?”

Mama akanijibia.

“Nakaa, daktari. Nakaa sana tu.”

Uongo mtupu! Stuli zote niliziondoa mimi, wiki ya kwanza ya ukubwa wangu. Nilisema anayekaa anasinzia, ataunguza mashuka ya watu. Nikaanza na ya mama, nisije nikaambiwa nampendelea. Nilijiona kidume.

Wiki tatu baadaye donge la damu lilitoka mguuni likapanda mpaka kwenye mapafu. Mama akafa kabla sijafika hospitali.

Niliumia jamani. Bado naumia.

Siku ya mazishi wapiga pasi wenzake walikaa mbali nami. Nikamfuata mmoja, tunamwita Shangazi Mvuke, mdomo wake hauna breki.

“Shangazi, miaka sita mmesimama. Kwa nini hamkunishtaki kwa bosi?”

Akanijibu palepale.

“Tuliandika barua, sote kumi na mmoja. Mama yako akaichana. Akatupigia magoti: ‘Mwanangu ndiyo kwanza kapewa cheo, mtamharibia. Mkichoka nyinyi, nitasimama mimi.’”

“Akasimama?”

“Kila siku. Sisi tunajinyoosha stoo kwa zamu, yeye anapiga pasi zetu.”

Nililia mbele za watu, kamasi na machozi, wala sikuona haya.

Wewe mwenye cheo, usijisifu kwamba watu wako hawalalamiki. Na mama yako akikwambia hana neno, usikubali haraka. Mimi nilikubali, kwa sababu ilinifaa kukubali.