Kapya, Kinyozi Aliyerithi Samaki

Kapya alikuwa kinyozi kule Kampemba, na watu wa mtaa wake watakuambia alikuwa mtu mwema. Sibishi. Alinyoa vizuri, alicheka kwa sauti, na nywele zake alizipaka mafuta mpaka nzi akitua anateleza. Lakini mimi nilianza kumjua siku alipokuja kwangu Kamalondo na pusipusi mbili za kusukuma mizigo, siku tisa baada ya kumzika mume wangu, akaingia bila kuvua kofia na kuanza kubeba viti.

Kapya ni mtoto wa dada wa mume wangu. Kwao mtu akifa, mke na watoto wanatazama tu. Anayerithi ni mpwa, na harithi vitu peke yake, anarithi na jina. Wanaita kupyana. Siku ya kumaliza kilio wanamkalisha mpwa juu ya mkeka, wanamnywesha maji, wanamfunga shanga nyeupe mkononi, na toka saa ile yeye ndiye marehemu. Mume wangu aliitwa Edouard Mwape. Miaka ile chama tawala kilikuwa kimekataza majina ya ubatizo, kwa hiyo kazini alikuwa Mwape tu, ila ndani ya nyumba niliendelea kumwita Edouard na hakuna askari aliyekuja kunikamata.

Basi Kapya, Mwape wa kesho, alibeba viti vinne, kitanda, godoro na redio. Halafu akaishika mashini yangu ya kushona.

"Hiyo hapana," nikamwambia. "Hiyo yangu. Nimeinunua kwa kushonea wanawake wa barabara hii yote."

"Mama Constance, karatasi ya duka iko na jina ya nani?"

Ilikuwa na jina la Edouard. Mimi sikusoma, na siku ya kununua mwenye duka aliniuliza jina la baba wa nyumba. Nilimtajia, tena kwa heshima. Sijawahi kuona heshima iliyonigharimu kama ile.

"Kapya, bila mashini nitakula nini?"

"Familia itafikiri," akasema, na pusipusi ikaondoka. Baadaye nilisikia familia ilikuwa imeshafikiri: mashini Kapya alikuwa amemwahidi mchumba wake, Régine.

Ndani ya nyumba tulibaki mimi, picha ya Bikira Maria, na sanduku la kioo la Edouard karibu na dirisha. Yeye aliliita akwariumu. Ujanani alifanya kazi ya nyumba kwa Mbelgiji mmoja wa Makomeno aliyekuwa na sanduku kama hilo. Mbelgiji alipopanda ndege alimwachia Edouard ugonjwa wake. Edouard alikata vioo vya madirisha, akaziba pembe kwa mastiki, ile gundi ya vioo, akaweka chini udongo na mchanga, akapanda majani aliyoyang'oa mto Kafubu. Akatia visamaki vyenye mstari mweusi ubavuni, na duvi wa Luapula, wale kamba wadogo wa mtoni. Wanatembea juu ya majani wakiokota uchafu kama wanawake wanaochambua mchele. Hakukuwa na pampu wala nini. Majani yalipata jua la asubuhi, na samaki walipata pumzi kutoka kwa majani. Miaka kumi na moja maji yalikuwa safi kama machozi. Mimi, Edouard alinisemesha mara mbili kwa juma. Duvi aliwasemesha kila siku.

Kapya hakulitaka lile sanduku. Aliyemrudisha kulichukua ni wifi yangu Mwaba, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mwenye sauti ya king'ora cha kiwanda.

"Kapya! Kila kitu kilikuwa kinapumua mu nyumba ya ndugu yangu, kipumue mpaka siku ya kukupa jina. Kikikufa, maana yake marehemu anakukataa. Tutaita mpwa mwingine, Anaclet wa Kipushi, atapyana yeye."

"Na mimi napumua, mulamu," nikamwambia wifi. "Mbona hakuna mwenye kunibeba?"

"Weye unajua kupumua peke yako," akajibu Mwaba.

Walimwaga maji nusu ili sanduku liwe jepesi, wakaondoka nalo. Kilio kilibakiza majuma sita.

Siku ya tatu Kapya akarudi. Safari hii alivua kofia.

"Mama Constance, yambo. Samaki banafungua kinywa juu ya maji, sawa bantu ba kwaya. Nifanye nini?"

Nilikuwa nimekaa chini, maana viti alikuwa navyo yeye.

"Kapya, mgongo unaniuma. Siwezi kufikiri nikiwa chini hivi. Nirudishie mashini, nitakuambia."

"Mashini hapana!"

"Basi viti."

Alitukana kidogo, kwa adabu. Saa sita mchana viti vinne vilikuwa vimerudi. Nikakaa, nikapandisha mguu juu ya mguu, nikamwambia: maji ya bomba yana dawa ya kusafisha, inachoma samaki. Uyalaze kwenye ndoo siku mbili ndipo uyamimine, na usibadilishe yote, toa robo tu. Yeye alikuwa akiyamwaga yote kila asubuhi kwa sababu, alisema, mali ya marehemu lazima ing'ae.

Baada ya juma moja akaja tena. Sanduku alikuwa ameliweka kwenye chumba chake cha kunyolea, mbele ya kioo, na wateja walilipenda sana. Walipenda mpaka kila mmoja alileta mkate. Mwingine alitupia donge la bukari, ugali wa kwetu, lenye sombe ya majani ya muhogo. Maji yakawa kama maziwa, yakanuka, na juu yake zikaelea nywele za Kampemba nzima.

"Mashini," nikasema.

"Mama, Régine ataniua."

"Basi kitanda."

Kitanda kikaja juu ya pusipusi, na wateja wawili waliokuwa wamenyolewa kichwa nusu wakisukuma. Nikamwambia: usiwape chakula siku nne, watakula kilichoko. Nywele uziopoe kwa chujio la chai. Sanduku ulisogeze dirishani, mbali na mkasi, majani yapate jua. Kapya aliyarudia maneno yangu kwa sauti mpaka mlangoni, kama mtoto wa katekisimu. Nasema ukweli, alianza kunifurahisha. Lakini mtu hata akikufurahisha, bado amelala juu ya godoro lako.

Godoro lilirudi kwa njia nyingine. Asubuhi moja Kapya aliingia na kiberiti mkononi, uso umemwanguka. Akafungua kile kikasha. Ndani mlikuwa na duvi mmoja, mweupe, anayeonyesha upande wa pili, na macho yake na masharubu yake.

"Amekufa, Mama Constance. Na kule kuko bengine watatu sawa huyu. Majuma tatu zinabaki. Mama mukubwa Mwaba akiona hii, nimekwisha."

Lile lilikuwa gamba tupu. Duvi akikua anavua ngozi yake na kuiacha chini, anatoka mpya, mlaini, anajificha kwenye majani siku mbili. Mara ya kwanza Edouard kuona gamba kama lile alilia kweli, mtu mzima wa kazi ya mgodi, na jioni akawahesabu duvi akakuta hakuna aliyepungua.

Nilimchukua yule mfu wa Kapya, nikamgeuza kwenye mwanga, nikatikisa kichwa taratibu.

"Mambo mazito," nikasema. "Mashini."

"Yote, lakini mashini hapana! Godoro. Godoro na redio!"

Vilipofika nilimwambia hao wafu awaache palepale, wenzao watawala, na wasiguswe mpaka kesho. Kesho yake aliwahesabu, akakuta wako wote, akatangaza Kampemba nzima kwamba mke wa marehemu amefufua duvi wanne. Mungu anisamehe. Akikataa, mimi nilikuwa nimeshalala usingizi mzuri.

Sasa kila kitu kilikuwa kimerudi isipokuwa kile nilichokitaka. Viti havishoni. Wanawake wa barabara yangu walikuwa wameanza kupeleka vitambaa kwa fundi mwingine, na mimi nilikuwa nikipika sombe bila mafuta huku nikisikiliza redio. Na Kapya alikuwa amejifunza. Maji yalikuwa safi, samaki wamenona, duvi majike wamebeba mayai tumboni. Majuma mawili hakuja. Nilianza kuomba mabaya, nakiri.

Alhamisi, siku mbili kabla ya kumaliza kilio, alikuja mbio. Hakuvua kofia, maana ilikuwa imeanguka njiani.

"Banakufa! Banakufa kweli! Duvi banalala ubavu, bengine banapanda ukuta banataka kutoka. Saba nimeokota, na si nyeupe, ni nyekundu!"

Nyekundu. Duvi mwekundu si gamba, ni mfu kweli. Moyo wangu uliruka, lakini mdomo wangu ulibaki mahali pake.

"Umetia nini ndani?"

"Sikutia kintu!"

"Lete mashini, nitakuja mwenyewe kutazama."

"Mama, nakuomba. Régine ameshona nayo robe ya kuvaa Jumamosi, bado upindo."

"Basi yeye apinde kwa mkono, ama weye umpelekee Anaclet lile jina."

Alisimama mlangoni kwangu akipumua kama samaki wake. Nilimwona akipima Régine upande huu na jina upande ule. Halafu akaenda. Sikujua kama angerudi. Nilikaa kwenye kiti changu nikiisikiliza barabara, na nilisikia mengi, baiskeli, mbuzi, watoto wa shule, mpaka nikasikia magurudumu ya pusipusi.

Niliivuta mashini ndani, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikachukua ndoo yangu ya maji yaliyolala, tukaenda Kampemba.

Kutoka mlangoni kwake niliona tatizo. Lilikuwa linang'aa. Katikati ya majani, limesimama wima kama madhabahu, Kapya alikuwa ametia msalaba wa shaba, ule wa kizamani ambao watu wa hapa huutundika ukutani. Aliusugua kwa limau na majivu mpaka mtu aliweza kunyolea uso wake humo.

"Na hiyo?"

"Aa, ile si kintu, ni mapambo. Marehemu alifanya kazi ya shaba miaka makumi mbili. Nilisema atafurahi."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mji huu wote unakula shaba, unavaa shaba, unazikwa kwa shaba. Duvi peke yake ndiye hawezi. Shaba kidogo tu ikiyeyuka kwenye maji inamuua. Edouard alikuwa akirudi kazini ananawa mikono mpaka kiwikoni kabla ya kuingiza hata kidole. Hakuna mahali pengine duniani ambapo mtu angefikiri kuwapendeza duvi kwa shaba.

"Toa," nikasema, "na leta beseni."

Tuliokoa duvi kumi na tatu. Tuliwahamishia kwenye maji yangu, tukamwaga yale ya zamani yote, tukasuuza mchanga, tukayasuuza majani moja moja, tukajaza upya kwa maji aliyoyalaza Kapya. Kapya alifanya kazi akiwa amepiga magoti, mafuta ya nywele yakimtiririka shingoni, na wateja wakasubiri. Ijumaa maji yalitulia. Jumamosi wote kumi na tatu walikuwa wakitembea.

Mwaba alifika Kampemba na ndugu zake wote. Aliinama mbele ya sanduku, akatazama muda mrefu.

"Banapumua," akasema. Duvi mmoja akamsalimu kwa masharubu.

Wakamkalisha Kapya juu ya mkeka. Mwaba mwenyewe alimnywesha maji, mwenyewe akamfunga shanga, mwenyewe akapaza sauti: "Kapya hayuko tena. Huyu njo Mwape. Ndugu yangu amerudia." Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye kona ya mjane, nikahesabu dakika za kurudi nyumbani. Ndipo Mwaba akaangaza macho chumbani.

"Viti biko wapi? Na kitanda? Na ile mashini ya kushona?"

Régine, mwenye robe isiyo na upindo, akanitazama mimi kwa macho ya kuonyesha njia. Mwaba akanigeukia. Nilijua vizuri kinachofuata: pusipusi mbili, leo hii hii.

Kapya akakohoa. Akaangalia shanga mkononi mwake, akaangalia sanduku la kioo. Kisha akakunja uso, akashusha sauti mpaka tumboni, kama Edouard alivyofanya akitaka kusikilizwa.

"Mwaba, dada yangu. Mimi ni nani?"

"Weye ni Mwape," akasema Mwaba. Angesema nini? Alikuwa amelitangaza sasa hivi.

"Basi mashini ile nimemupa bibi yangu, Mama Constance. Viti na kitanda pia. Mutu anaweza kumupa bibi yake kintu, ao hapana?"

Kumkatalia kungekuwa kumkatalia marehemu mbele ya marehemu. Mwaba akaomba munkoyo, kinywaji cha mahindi, akanywa. Kisha, kwa haraka kidogo, wakanipaka unga mweupe usoni na kunifungua kwenye ujane, kabla huyo Mwape mpya hajatoa na nyumba.

Miaka ishirini na miwili ya ndoa Edouard hakuwahi kusema neno kama lile mbele ya dada zake. Ilibidi afe, na kinyozi aseme badala yake.

Nilirudi Kamalondo kwa miguu, unga usoni, na watu wakanipisha. Niliikuta mashini mahali nilipoiacha. Niliitia mafuta, nikajaribu sindano kwenye kipande cha kitambaa cha kikwembe, ikaenda vizuri. Halafu nikatafuta mnyororo wa baiskeli nikaifunga kwenye mguu wa kitanda, kwa sababu Mwape amesema, lakini Kapya bado anajua njia ya kuja kwangu.